Nani Alinde Mafaili ya Mnasihi?

Mpendwa mshauri,

Nimemaliza shule juzi tu hapa Cebu, Ufilipino, na sasa najifunza kazi katika ofisi inayotunza tovuti za shule, ikiwemo niliyosoma mimi, na hili sijaweza kumwambia mtu. Tunabadilisha ulinzi. Mfumo wa zamani wa kusimamia ufikiaji una programu yake kwenye kila seva, na kila ukurasa ukifunguliwa unakagua kama mtu huyo anaruhusiwa. Ni mzito, na kila tukigusa kitu unagoma. Kiongozi wetu Crisanto, tunayemwita Manoy, yaani kaka, anataka proksi ya uthibitishaji, inayosimama mbele ya tovuti zote, inakagua nenosiri mara moja, kisha inazitajia jina lako na kukupitisha. Wote tulifurahi, mpaka nilipoijaribu kwa akaunti bandia ya mwalimu wa hesabu, ikafungua mafaili ya mnasihi wa shule, maana tovuti yake kuukuu haijui kukataa mtu, ilikuwa ikiutegemea mfumo wa zamani. Tukiwa tunakula nikanong'ona, "Manoy, samahani, na huku kwa mnasihi?" Akadakia, akiniita Inday kama wasichana wanavyoitwa huku, "Inday ameongea! Jamani, leo mvua itanyesha!" Wakacheka, nami nikarudi kwenye wali wangu na danggit, samaki wetu wa kukaushwa. Uamuzi ni Ijumaa. Mshauri, katika mafaili yale yamo niliyomwambia mnasihi nikilia, na wapo wasichana wanaomwambia yao leo. Nikisema, wataniuliza yananihusu nini. Nifanyeje?

Rhealyn

Rhealyn mwanangu,

Pole, na hongera. Lakini acha kuomba samahani kwa swali zuri! Walicheka kwa kuwa hawajazoea sauti yako, na wewe ukawaachia nusu ya swali.

Proksi inajua wewe ni nani. Ukurasa upi si wako, haijui mpaka ifundishwe. Mfumo wa zamani unajua yote mawili, ndiyo maana ni mzito. Crisanto hajakosea kupenda wepesi: ratiba na matokeo ya michezo vipite kwenye proksi. Tovuti ya mnasihi ibaki chini ya mfumo wa zamani mpaka ijue kukataa yenyewe. Na hizo zitakazohamia, zizibiwe kila njia isiyopita kwa proksi, la sivyo mtu atajitajia jina lolote naye ataaminiwa.

Siri yako ni yako. Hakuna wa kukudai maelezo. Kabla ya Ijumaa, mkute Crisanto peke yake mezani kwake. Tengeneza faili la mwanafunzi wa kubuni, lifungue kwa akaunti ile ya mwalimu wa hesabu, sema, "Manoy, tazama." Basi. Kunyamaza unakuweza, mwanangu. Safari hii nyamaza baada ya kusema.