Nilisema Niko Msafi

Nyalenda, Kisumu
17 Novemba 1974

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Absalom. Je, miguu yako imepata nafuu? Mahindi umeshayatoa shambani? Sisi huku ni wazima wa kuchoka. Foleni ya maji pale bombani ni ile ile.

Nyonga inayoniuma ndiyo iliyonipeleka Nairobi mwezi uliopita. Absalom alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo nilisindikizwa na baba mkwe, Mzee Walubengo. Unamjua mwenyewe: karani mstaafu, Kizungu chake kimenyooka kuliko reli aliyoifanyia kazi. Nilidungwa sindano ya dawa inayotoa miale, nikasubiri saa nyingi, kisha nikalazwa chini ya mashine iliyokwenda na kurudi juu yangu ikipiga vidoa kwenye karatasi. Nilichoka hata kuogopa.

Daktari, Mzungu asiyejua neno la Kiswahili, alisema mifupa ni mizima, ila chini ya kitovu vidoa vimerundikana. Akamwomba mzee aniulize swali moja. Mzee alikohoa, akatazama dirishani, akasema daktari anataka kujua kama niko msafi. Nikajibu niko msafi. Basi daktari akasema huenda ni uvimbe, na tumbo la uzazi itabidi litolewe.

Mama, nimezaa mara moja tu, na mtoto yule tulimzika pamoja mimi na wewe. Absalom hakunilaumu. Mawifi walianza kunihurumia kwa sauti ya chini, na huruma yao ilinichosha kuliko ugonjwa.

Sasa nikuambie ambalo hata Absalom halijui. Swali lile nililielewa. Siku ile nilikuwa mwezini, siku ya pili, damu nyingi. Lakini ningelitamkaje neno hilo mbele ya baba mkwe, mtu ambaye hata kiti chake sikikalii?

Wiki mbili baadaye tulirudi Nairobi nikapasuliwe. Fomu ya kutia sahihi ilipowekwa mbele yangu, nilimwambia mzee amweleze daktari kwamba sikuwa msafi, kwamba siku ile nilikuwa nikitoka damu. Akatafsiri yote, macho ukutani. Daktari akaweka kalamu chini, akasema mwanamke akiwa mwezini dawa ile hujikusanya hapo, ni jambo la kawaida kabisa. Kesho yake nikapigwa picha tena. Lile rundo la vidoa halikuwepo. Tumbo langu ninalo, Mama.

Ila tangu turudi, mzee hali chakula nilichopika, na salamu yangu huiitikia akiwa amenipa mgongo. Absalom anadhani tuligombana safarini. Mzee alikubali kuaibika ili mimi nipone. Nitumie kuku kwa mkono wa Jentrix akija sokoni, nimpelekee kuomba radhi. Awe jike, Mama, tena anayetaga.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na jirani yetu Nekoye usimsahau.

Ni mimi binti yako mchovu,
Dorca Nabalayo