Maji ya Penina Katika Jagi Langu la Kwanza

Mume wangu mpenzi, Espoir wangu (neno hili "mume" bado linanipa raha, naliandika hata mahali lisipohitajika),

Umeniuliza kama nitakuja kuishi nawe Mbarara, au nitabaki hapa Nakivale na mama yako mpaka tuvune mahindi. Umesema mwenye chumba cha huko Kakoba anataka jibu kabla ya Jumamosi. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unanichekesha, nami nikicheka nasahau kwamba nimekasirika. Na nimekasirika, mpenzi. Nina wivu. Niache niumwage wote kwanza, kisha utapata jibu lako.

Barua hii nampa yule dereva wa boda anayeleta samaki huko. Bahasha sikuifunga, na si kwa kukosa gundi. Najua itapita kwenye geti la kiwanda chenu cha maji, na najua nani hukaa karibu na geti akipima maji kwenye vile vichupa vyake. Akitaka kusoma, asome. Habari yako, dada Penina.

Unakumbuka yai? Mimi nalikumbuka kila ninapopita shuleni kwetu. Mwalimu wa biolojia alisema kila watu wawili walete yai moja. Kwetu hatukuwa na kuku, nikakaa na aibu yangu hadi ulipoingia umelificha lako ndani ya soksi. Ulilichomoa chini ya kuku wa mama yako aliyekuwa akiatamia! Mpaka leo mama anamlaumu mbwa wa jirani, na mpaka leo mbwa yule akipita hapa anakimbia. Usithubutu kumwambia.

Tuliliweka kwenye siki, gamba likayeyuka lote, kikabaki kitu laini kinachotetemeka, ukikielekeza dirishani unaona kiini kikielea ndani. Mwalimu akasema huo ndio utando. Unapitisha maji, lakini vile vikubwa vya ndani hauviruhusu kutoka. Tulipolitia kwenye maji, kesho yake tukalikuta limevimba limekaza, maji yameingia yenyewe bila kusukumwa na mtu, yakifuata utamu na chumvi za ndani. La wenzetu waliolitia kwenye maji ya sukari nyingi lilinywea kama shavu la mzee. Nikalishika letu kwa viganja viwili. Ukaniambia, "Polepole, Riziki, usilibane." Sikulibana. Nilicheka tu, likapasuka, likamwagikia sketi yangu yote.

Darasa zima lilipiga kelele. Wewe uliinama, ukanipangusa kwa sweta yako mwenyewe, na ulipokuwa umeinama hivyo ukaninong'oneza sikioni maneno yale. Tangu siku hiyo sijapona, na sitaki kupona.

Sasa angalia ulikonifikisha. Nimeolewa na mwanamume aliyenipenda kwa yai, kumbe mwenzangu kaupenda utando! Nakupigia nikuulize umekula nini, unanijibu, "Leo presha imekaa vizuri, mpenzi." Nikuulize umelalaje, unanieleza jinsi pampu inavyosukuma maji yaliyo na chumvi yapite kwenye utando kinyume na yanavyopenda, maji yatoke upande wa pili, chumvi na vijidudu vibaki nyuma vikapitie bomba lao. Kwenye yai maji yanaifuata chumvi, kwenu yanalazimishwa kuiacha. Nimeelewa, Espoir. Nilifaulu biolojia kukushinda. Kinachoniuma ni sauti unayoisimulia nayo. Ile sauti ya chini, ya taratibu. Nilidhani ile ni yangu peke yangu.

Na wivu wangu ulianza na jagi.

Kwenu, bibi arusi akiamka siku ya kwanza huwapa wakwe maji ya kunywa kwa mkono wake, kabla hajapika chochote. Nilikuwa nimejiandaa kwenda bombani alfajiri na dumu langu jipya. Ukanizuia. Ukatoa dumu ulilolileta kutoka Mbarara, ukasema, "Usihangaike, haya ndiyo safi kuliko yote." Nilikupenda wakati ule kuliko hata siku ya yai. Nikamimina kwenye jagi, nikapiga magoti na kitenge changu cha harusi.

Baba yako akanywa, akaitazama bilauri. "Ni kama kulamba kioo cha dirisha," akasema.

Mama yako akaonja, akataka kujua nimeyateka wapi. "Binti, haya mayi ulitekaka fasi gani? Hayina utamu hata kidogo."

Shangazi yako, yule asiyeweza kuacha jambo lipite, akawageukia wote. "Kumbe kwabo bamemufundisha kupika mayi mpaka yameiva!"

Walicheka, Espoir. Na wewe ulicheka! Mimi nikiwa bado nimepiga magoti. Kisha mama akachovya vidole kwenye mkebe wa chumvi, akatia kwenye jagi, akakoroga, akasema sasa yamekuwa maji. Kazi yote ya mashine yenu ikafutwa kwa vidole viwili. Na mchana wa siku hiyohiyo, maua ya harusi yakiwa bado kichwani kwangu, ukapanda boda kurudi kazini kwa sababu utando haujamwagiliwa. "Ukikauka umekufa," uliniambia. Na mimi je? Mimi sikauki?

Ndiyo maana juzi nilikuja bila kukuarifu. Nilibeba maharage na unga wa muhogo, nikajipaka mafuta mazuri, nikavaa kile kitenge. Getini nikamkuta mwanamke wa Kinyankole, mrefu, mzuri (niseme ukweli, mzuri), ana koti jeupe na kichupa mkononi. Hata sijajitambulisha akapiga makofi.

"Eeeh! Wewe ndiye Riziki ya yai! Karibu, mulamu, karibu shemeji yetu! Bwana yako iko ndani, naosha bibi yake mukubwa."

Niliganda. Kwanza, kuna bibi mkubwa. Pili, yai letu limefikaje getini? Mlinzi naye akaongeza, "Ile yai napasuka kwa sketi! Sisi nacheka hapa wiki mzima." Mpenzi, nilitamani lori linipitie. Yai letu, tulilolificha kwenye soksi, linachekwa na walinzi wa Mbarara!

Penina akanishika mkono, akanipeleka dirishani nimwone huyo mkewe mkubwa. Nikayaona mabomba marefu yenye ule utando ndani, yamelala moja juu ya jingine, na wewe mgongo umenigeuzia, unayaosha, unaimba. Unaimba, Espoir! Penina akasimulia kwamba zamani alifanya kazi kiwanda cha maziwa, huko utando wao una vitobo vikubwa kidogo, maji na sukari ya maziwa vinapita, protini inabaki na maziwa yanakuwa mazito. Akaniambia, "Hata figo yako nafanya hii kazi, mulamu, na hailipi umeme." Nilitaka kumchukia vizuri, lakini ananifundisha mambo mazuri, basi nikamchukia nusunusu.

Halafu akaniuliza, uso umejaa furaha, "Na yale maji ya harusi, wazee walipenda? Mimi ndiye najaza ile dumu. Nilikutolea ile safi kabisa, kabla sisi narudisha madini yake. Nilisema bibi arusi apate ile nambari moja."

Kumbe asubuhi yangu ya kwanza ya ndoa, mkono ulioteka maji ulikuwa wa mwanamke mwingine. Nilipiga magoti na kuwapa wakwe zangu maji ya Penina. Najua alifanya kwa wema, na ule wema ndio uliozidi kuniuma. Nilipomweleza habari ya kioo cha dirisha na chumvi, alishika mdomo, akacheka hadi machozi yakamtoka, akasema, "Pole! Pole sana, nyabo. Nilikuharibia!" Akafuta macho, nikaona kweli amesikitika.

Nikajikaza, nikamuuliza jambo moja tu. Kama ningekosa jibu zuri, ningerudi Nakivale na maharage yangu, na chumba cha Kakoba kingepata mpangaji mwingine. Nikasema, "Dada, yai lilipopasuka, Espoir aliniambia kitu sikioni. Amewaambia nini?"

Akatikisa kichwa. "Ah, hapo yeye nafunga mdomo. Tunamuuliza kila siku wakati ya chai. Yeye nakataa. Anasema hiyo haipiti."

Haipiti. Ulisema hivyo kweli? Uligeuka wakati huohuo, ukaniona dirishani na machozi yangu, ukaangusha mpira wa maji, ukajilowesha suruali yote. Ulidhani nalia kwa hasira. Hasira ilikuwepo, sikatai, na bado ipo kidogo, lakini niliondoka na lile neno "haipiti" mdomoni, nikitabasamu njia nzima hadi Nakivale. Waliokuwa nami kwenye teksi walinishangaa.

Basi jibu lako ni hili. Mwambie mwenye chumba naja Jumamosi. Mahindi mama yako amesema atayapalilia na shangazi, ili shangazi apate cha kufanya. Lakini nina masharti, na Penina awe shahidi. Siku nitakayofika, usinywe kitu, usichemshe kitu. Naja na dumu langu la maji ya bombani hapa kwetu, yenye ladha yake ya udongo na dawa, niliyoyateka mimi. Nitayachemsha mimi. Wewe utakaa, nami nitakupa kwa mkono wangu, na hayo ndiyo yatakayohesabiwa kuwa ya kwanza. Siku ya pili nitakunywa ya kwenu, yakiwa yamerudishiwa madini, tafadhali. Utando wako endelea kuuosha, maana ndio unaotulisha, lakini hizo nyimbo urudi nazo nyumbani.

Na hili yai, kwa kuwa limeshatoka, waache walicheke, nimewasamehe. Utaona katika barua hii nimelisimulia lote, siki, soksi na sketi, na bahasha iko wazi. Ila yale maneno hawatayakuta, Penina hata aisome kwenye mwanga wa dirisha. Hayo uniambie tena Jumamosi, sikioni, mlango ukiwa umefungwa.

Akupendaye mpaka anaonea wivu mabomba,

Mkeo, bibi yako mkubwa na mdogo.