Sauti Yako Haigawiwi Pamoja na Kanzu

Baba Zuhura,

Kosa la watu wengi kompyuta ikijaa ni kufuta kwanza kile kinachowauma kukitazama. Hawaulizi kinachukua nafasi kiasi gani. Nakueleza wewe kwa sababu mdogo wako Hamisi hataki kuelezwa.

Arobaini yako ilipokwisha tuligawa nguo. Kanzu zimekwenda, viatu pia, na sikununa. Siku ileile Zuhura alitaka kuweka picha za hitma kwenye kompyuta yako, ikakataa. Imejaa. Hamisi akasema nje ya pazia, maana bado nakaa eda: "Shemeji, futa vya marehemu. Nguo zimetoka, na hivyo vitoke. Unamsumbua huko aliko."

Nikamwambia nitampa jibu.

Nikaketi, nikapanga faili zako kwa ukubwa, kubwa zikae juu. Wewe mwanamume wewe. Mechi za mpira ulizopakua, nyingine nakala mbilimbili, na hukuzitazama tena. Filamu ulizolala kabla hazijafika katikati. Na pipa la taka hujawahi kulimwaga. Ulidhani ukishatupa humo kitu kimeondoka, kumbe kimekaa palepale, kinakula nafasi ileile. Nilikuwa nikikueleza, unanijibu, "Mwalimu, hapa si darasani." Basi nimelimwaga, mechi zako nimezifuta, na kompyuta inapumua.

Zile rekodi za shangazi yako wa Kigombe, akitaja samaki na mitego kwa Kimtang'ata chenu cha pwani, nilizikuta chini kabisa ya orodha. Ndogo, hazimbani mtu. Nikafungua moja. Unamkatiza, anakugombeza, "Saidi, nyamaza nimalize," nawe unacheka. Kile kicheko chako. Nilizima. Nikawasha tena.

Shangazi hayupo, nawe hupo. Wajukuu wetu hapa Nguvumali hawajui hata nusu ya maneno yale. Halafu mtu ananiambia nifute? Sifuti. Kanzu akiivaa mwingine inabaki kanzu. Kicheko hiki nani atakivaa? Na kama kukusikiliza ni kukusumbua, utanivumilia. Nami nimeivumilia redio yako kila alfajiri tangu unioe.

Kinachonitisha ni kingine. Kompyuta yenyewe kuukuu, inaunguruma, na rekodi hizo hazipo popote isipokuwa humo. Siku ikizima isiwake, nimewapoteza nyote wawili tena, na safari hiyo hakutakuwa na wa kuzika.

Sikubali. Nakuahidi wajukuu watayasikiliza maneno yale mpaka wayaseme wenyewe, na wakikosea, shangazi atawagombeza kama alivyokugombeza wewe. Lala, mume wangu. Mungu akurehemu.

Hamisi amekuja, yuko barazani anangoja jibu. Mimi siwezi kutoka, kwa hiyo atatoka yeye. Namwambia hivi: "Shemeji, nenda mjini leo, ninunulie diski ya nje, nihifadhi sauti ya kaka yako."