Leo Monika amemwona mama yake

Jumapili, siku ya Mungu, mwezi wa saba. Baridi kali, na vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya sahani.

Leo, kwa ruhusa niliyoipata kwa karani wa gereza, nimempeleka Monika buloko akamwone mama yake.

Miezi miwili nilimdanganya. Nilimwambia mama ameenda kwa bibi, kule Kongolo. Tereza, mke wangu, ndiye aliyetaka hivyo, siku askari walipokuta mtungi wake wa lutuku nyuma ya nyumba yetu hapa kambi ya reli. Pombe ile ya magendo ndiyo iliyowapatia watoto viatu. Mimi niliiona aibu, lakini viatu sikuvikataa.

Juzi Monika alirudi kutoka shuleni akaniuliza, "Baba, batoto banasema mama iko ku buloko. Banadanganya?"

Ana miaka saba. Nilishindwa kusema ndiyo.

Kule buloko wanawake huletwa mpaka kwenye uzio wa waya, sisi tunabaki upande wa pili. Tereza alipotuona alitugeuzia mgongo. Wamemnyoa kichwa chote.

"Baba Monika, nilikukataza," akasema. "Sikutaka mutoto anione hivi."



Monika ndiye aliyesogea mpaka kwenye waya. "Mama, nywele yako itaota tena?"

Akapapasa kichwa. "Itaota."

"Na yangu, nani atasuka? Baba hajue."

Hapo Tereza akageuka. Akamtazama mtoto, nywele zimesimama ovyo kwa kazi ya mikono yangu. "Ikala chini," akamwambia.

Monika akakaa vumbini, mgongo kwenye waya. Mama yake akapitisha vidole kwenye matundu, akaanza kusuka. Akamwuliza habari za masomo, na kikohozi cha Pio, mdogo wake. Mimi nilimwangalia askari aliyetulinda. Askari aliangalia ukuta.

Filimbi ililia Tereza akiwa amefika nusu ya kichwa.

Njiani watu waliotoka misa walimkodolea Monika macho. Nyumbani, jirani yetu Mama Feliksi akataka kumalizia. Monika akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hapana. Mama mwenyewe njo atamaliza."

Sikumwambia kwamba ruhusa ile ilikuwa ya mara moja tu.

Yaani nimeshaanza tena.

Kesho asubuhi nitamweleza ukweli, kisha, kabla ya kazi, nitakwenda kwa karani kuomba ruhusa nyingine. Akikataa, nitarudi kesho kutwa.