Sangara wa Wageni na Nzi wa Buzuruga

Baba Masalu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuingia jikoni bila kukuamkia, na leo ndiyo siku ninayokuhitaji kuliko zote.

Nakuandikia nikiwa stendi ya Buzuruga, nyuma ya kibanda cha mama ntilie. Nimevaa aproni yangu nyeupe ya hoteli, na miguuni nina beseni lenye sangara. Watu wananipita wakicheka. Wacheke tu. Mimi naogopa, Baba.

Tangu tukuzike kwenu Sengerema, hoteli imebadilika, hata usingeitambua. Serikali imeiuza. Bosi mpya ameweka vitambaa vyeupe mezani na glasi za mvinyo zenye miguu mirefu, na kila mgeni anawekewa uma tatu, eti mmoja haumtoshi! Watalii wanaokwenda Serengeti wanalala kwetu ili wapate kula samaki wa ziwa hili, minofu ya sangara kwa siagi na ndimu, ile ile uliyonifundisha. Na mpishi mkuu ni mimi. Suzana wako, uliyekuwa ukimwita mwunguza vitunguu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimtoa samaki uani, unamlaza kwenye jani la mgomba, halafu unakunja mikono kungoja nzi? Wahudumu walikucheka: hoteli nzima inafukuza nzi, wewe unawakaribisha. Lakini tangu tuliposikia kuna watu wanavua kwa sumu, hukumwamini tena muuzaji hata aape kwa mama yake. "Nzi hana bosi, Suzana," ulisema. "Akikataa yeye, na wewe kataa." Baada ya hapo ulionja mwenyewe, kabla sahani haijatoka jikoni.

Leo asubuhi muuzaji wetu yule yule aliniletea sangara mzuri, macho maangavu, mashavu mekundu. Nikamtoa uani, nikangoja. Hakuna hata nzi mmoja. Nilikuwa tayari kumkataa, nikakumbuka kwamba jana Bosi aliita watu wakapuliza dawa ua mzima, kwa sababu mtalii mmoja alikuta nzi kwenye supu. Nikaweka kipande cha nyama ya ng'ombe pembeni. Nacho hakikuguswa. Basi nikawa sijui kitu.

Nilipomweleza Bosi, aliniambia nionje, mbona Masalu alikuwa akionja bila kelele.

Baba, nilitaka kumwambia kwamba ndiyo maana naogopa. Siku yako ya mwisho jikoni mvua ilinyesha, nzi hawakutoka, ukasema utaonja tu. Ulionja, ukakunja uso, ukamwaga sufuria nzima, na wageni wakapewa kuku. Kulipokucha ulikuwa hospitali. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Mkeo, Mama Kabula, alisema ni samaki. Mimi pale msibani sikujua nimwamini nani.

Leo nilikaanga kipande kidogo. Kilinukia vizuri mno. Nikakifikisha mdomoni, mkono ukakataa, ukakirudisha kwenye sahani. Nina Neema, Baba, bado ananyonya. Ningemnyonyesha nini? Nikabeba beseni na ile nyama, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaja huku ambako hakuna anayepuliza dawa.

Sangara nimemlaza kwenye jani, nyama pembeni yake. Nyama imeshakuwa nyeusi kwa nzi. Wako kwenye maganda ya maembe, wako kwenye aproni yangu, wanatembea juu ya karatasi hii ninapoandika. Lakini sangara yeye wanamzunguka tu. Wanashuka karibu, kisha wanaondoka. Nimengoja mpaka jasho limenikauka mwilini. Hakuna aliyetua.

Sasa nadhani najua kilichokuondoa, na natamani nisingejua.

Bosi simwogopi tena sana. Wageni watakula kuku, na akinifukuza nitarudi nyumbani kwa mwanangu. Kinachonitisha ni kingine. Muuzaji alikuwa na tenga zima la samaki wa mtumbwi huo huo. Mimi nilimchagua mkubwa kwa ajili ya watalii. Wale wadogo alisema anawapeleka Nyakato, wafanyakazi wakitoka viwandani wapate kitoweo. Hao hawana mtu wa kuwangojea nzi.

Lala salama, Baba yangu. Nimekulilia vya kutosha, leo sina nafasi. Nakuahidi sitampa mtu yeyote chakula ambacho mkono wangu umekataa kunilisha, awe mtalii au mbeba magunia. Huyu sangara namfukia hapa hapa, chini kabisa, mbwa wasimfukue. Kisha nakimbilia Nyakato nikapige kelele hata waniite mwendawazimu. Jua limeanza kushuka, na viwanda vinakaribia kufungua mageti.

Mwanao wa jikoni,
Suzana