Darubini Ndefu ya Shemeji Benjamini

Igowole,
S.L.P. 31,
Mufindi, Iringa.
22 Juni 2024.

Mpendwa mwanangu Eliezeri,

Kamwene. Natumaini barua hii imekukuta mzima, mbu wa huko Katavi hawajakumaliza, na ile homa iliyokulaza siku tatu imekwisha kabisa. Je, ulimeza dawa zote, au uliacha nusu ulipopata nafuu kama kawaida yako? Nijibu hilo kwanza utakapoandika.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baridi ni ya kukata masikio, ukungu unakaa juu ya mashamba ya chai hadi saa tatu. Mama yako Roza goti limepungua uvimbe, anakwenda kanisani kwa miguu yake. Mzee wangu Sifaeli bado anakohoa, na bado anabisha kwamba hakohoi.

Barua yako nilikabidhiwa na dereva wa lori la unga, na hii nampa yeye huyo huyo, maana najua huko kambini simu hadi upande juu ya kichuguu. Nimefurahi kwamba meneja amekuamini kiasi cha kukuachia uchague darubini ya bunduki ya kambi. Sikufurahi kusoma kwamba rafiki yako amekushauri utafute iliyo ndefu kuliko zote ambayo pesa mliyopewa itafikia. Mwambie shangazi yako, aliyekaa miaka ishirini na sita idara ya wanyamapori, anamsalimu, na anaona kwamba hajawahi kulenga kitu kinachopumua.

Lakini simshangai, kwa kuwa hapa nyumbani tunaye wa aina yake. Nakuandikia yaliyotokea, uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa wengine, maana yameleta maneno kwenye ukoo.

Tangu Aprili nguruwe pori walikuwa wakishuka kutoka kwenye miti ya mbao na kulala kwenye korongo la mianzi chini ya shamba la Paulo, yule jirani yetu fundi wa mizinga ya nyuki. Mahindi ya Paulo yalilazwa kama yamepitiwa na trekta. Bwana nyama wa wilaya akatoa kibali wapunguzwe. Wenye leseni za bunduki hapa kitongojini ni wawili tu, mimi na shemeji yangu Benjamini, mdogo wake Sifaeli.

Mimi macho yamenigeuka, mwanangu. Mbali naona, ila ile ncha ya mbele ya mtutu naiona kama unyoya wa kuku. Nikasema wazi mbele ya watu kwamba sipigi risasi hadi nipate darubini ya kunisaidia. Shemeji alicheka sana siku hiyo. Wiki iliyofuata akapanda basi kwenda Dar, akarudi na dude refu kama chupa ya chai, limefungwa juu ya bunduki mpaka bunduki yenyewe inaonekana kama kishikizo chake.

Unajua alilipeleka wapi kwanza? Kanisani. Si ndani, nje, kwenye ngazi, Jumapili baada ya ibada. Wanaume wazima walipanga foleni wakichungulia wachuma chai kwenye kilima cha ng'ambo. Mmoja akapaza sauti kwamba anaona mnyapara amekatika kifungo cha shati. Benjamini akatikisa kichwa polepole kama daktari aliyesifiwa. Mtu huyu alikuwa hajafyatua hata risasi moja kuilinganisha hiyo darubini na mtutu. Ilikuwa imefungwa na muuzaji, naye akaridhika, kwa sababu ilikuwa inang'aa.

Nilimuuliza, "Shemeji, nguruwe anatoka kwenye mianzi hatua thelathini mbele yako. Hiyo ya kutazama kilima cha pili utaifanyia nini?"

"Shemeji Faustina," akanijibu, na watu wakisikiliza, "wewe endelea na jicho lako la kienyeji. Sisi tumeingia kisasa."

Ningekuwa bado kazini ningemnyang'anya bunduki pale pale kwenye ngazi.

Siku ya kuwatoa nguruwe ilikuwa Alhamisi. Tulingoja ukungu uinuke. Vijana na mbwa waliingia korongoni kwa juu, Benjamini akasimama chini, mimi nikasimama ukingoni bila bunduki, kazi yangu kuangalia watu wasiingie mbele ya mtutu. Dume kubwa likatoka taratibu kabisa, likasimama ubavu. Mtu mwenye gobore la babu yake angeliua.

Benjamini aliweka jicho, akaliondoa, akaliweka tena. Nilijua mara moja kinachomsumbua. Alikuwa ameizungusha ikuze hadi mwisho, na kwa umbali ule alikuwa anaona manywele meusi matupu, hajui kama ni bega au tako. Badala ya kushusha mtutu na kuipunguza, akafyatua. Risasi ikaingia nyuma, kwenye paja. Na kwa kuwa alikuwa amebandika jicho kwenye chuma, bunduki ilipompiga teke ile darubini ikampasua nyusi. Dume likapiga ukelele, likarudi kwenye mianzi. Benjamini akakaa chini akipiga ukelele wa kwake.

Eliezeri, sheria unaijua, nilikufundisha ungali mdogo. Aliyejeruhi ndiye anayefuata. Nikamwendea nikamwambia asimame twende wote, nitamwongoza kwenye damu. Akasema haoni. Nikamwambia basi anipe bunduki. Akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akasema hiyo ni mali yake, wala leseni yake haiko kwa jina langu. Damu za nyusi zinamchuruzika hadi puani, na bado anafikiria mali.

Tukiwa katika mabishano hayo mbwa wa Paulo akalia kule ndani. Paulo, aliyekuwa amesimama nasi, hakumngoja mtu. Aliingia na mkuki. Nilimwita kwa jina mara mbili. Tulisikia mianzi ikivunjika, kisha tukamsikia yeye.

Dume lilikuwa limempasua paja la ndani kutoka gotini kwenda juu. Nilifunga khanga yangu na mkanda wa mmoja wa vijana, nikakaza mpaka akanitukana, na nilifurahi kutukanwa kwa sababu aliyekuwa akitukana alikuwa hai. Tukambeba kwa blanketi hadi barabarani. Alishonwa nyuzi nyingi, akaongezwa damu, akalazwa siku kumi na mbili. Mguu ataukunja, wamesema, ila si kama zamani. Kwa siku zote hizo kumi na mbili Benjamini hakwenda kumwona. Alikuwa na bandeji juu ya jicho, na alikuwa akiwaeleza watu gengeni jinsi nguruwe alivyomrukia.

Bwana nyama alikuja siku ile ile na askari wake wawili, wakafuata damu hadi jioni, wakaipoteza kwenye maji. Dume halikufa. Likawa linachechemea, haliwezi kwenda mbali kutafuta chakula, na likaanza kutoka mchana kweupe. Wanawake wakaacha kuvuna upande ule. Watoto wa shule wakazungushwa njia ya juu. Mahindi ya Paulo yaliyosalia yakabaki yamesimama, mwenyewe yuko kitandani.

Mimi nikaenda Mbeya kutafuta darubini yangu. Basi liliposimama Uyole, muuza chaja za simu akanichomolea dirishani darubini iliyofungwa kwenye nailoni. Niliitikisa, ikalia kama njuga. Ilikuwa ya zile bunduki za upepo za kupigia ndege, risasi mbili za bunduki ya kweli zingeibomoa. Akaniapia kwamba ni ya jeshi. Nikamuuliza jeshi la nani, akahamia dirisha jingine.

Mjini nilimfuata mzee Iqbal, yule aliyekuwa akituuzia risasi tangu enzi za idara. Ndevu zimekuwa nyeupe zote, dharau yake kwa wateja haijapungua. Aliangalia kitabu changu cha leseni, akaniuliza ninawinda nini na kwa umbali gani. Nilipomweleza, akapanga tatu juu ya kaunta, zote za bei ya kati.

"Mama Faustina," akasema, "kila anayeingia hapa ananiuliza inavuta mara ngapi. Miaka thelathini. Hakuna anayeniuliza jicho lake litakaa wapi."

"Mimi nakuuliza," nikamwambia.

Akacheka, akanitolea kiti nje. Hapo ndipo pa kusoma vizuri, mwanangu, kwa sababu hii ndiyo sababu ya barua yako. Darubini huitazami kwenye taa za duka. Nilikaa barazani nikatazama kivulini, chini ya paa la duka la ng'ambo, panapofanana na giza la mianzi. Ya kwanza ilikuwa safi katikati, pembeni kama maziwa yaliyomwagwa. Nikairudisha. Ya pili ilinitaka nibandike jicho karibu vidole viwili, na nyusi zangu bado nazihitaji. Ya tatu niliona nikiwa mbali vidole vinne vizima, na picha haikukatika hata nilipotikisa kichwa. Ukiizungusha chini kabisa inakuza mara mbili tu, ukiipandisha ni mara saba. Benjamini angeitemea mate. Vifundo vyake vya kurekebishia vinalia tik, kila tik unaihesabu kwa kidole, na ukirudisha idadi ile ile unarudi ulipotoka. Iqbal akaizamisha kwenye ndoo ya maji mbele yangu, tukaisubiri huku tunakunywa kahawa. Haikutoa povu wala haikuingia ukungu.

Hiyo ndiyo niliyonunua. Tena vile vikamatio vinavyoishika kwenye bunduki nilichukua vizuri, maana watu humaliza pesa zote kwenye kioo wakakifunga na takataka.

Nyumbani niliipima kwenye shimo la kokoto, bwana nyama akiwepo. Risasi tatu kwenye karatasi, zote ningezifunika kwa kifuniko cha sufuria ndogo. Kisha nikaomba nafasi nyuma ya pikapu, nikaipitisha barabara yote ya makorongo kwenda na kurudi, nikapiga tena. Zikaingia pale pale. Yako ifanyie hivyo hivyo kabla hujamwambia meneja wako lolote.

Nilikaa ukingoni mwa shamba la Paulo asubuhi tatu. Ya tatu, saa nne hivi, dume likatoka. Lilikuwa limekonda hadi mbavu zinahesabika. Lilisimama hatua arobaini, nikaliona lote, kichwa hadi mkia, na majani yaliyokuwa mbele yake na njia nyuma yake kwamba haina mtu. Nikaweka ule msalaba wa ndani nyuma kidogo ya bega. Lilianguka kwenye kivuli chake.

Sikujisikia kushangilia. Nilipolikaribia nilikuta jeraha la paja limejaa funza. Mnyama huyu aliteseka kwa wiki mbili ili mtu mmoja asifiwe kwenye ngazi za kanisa.

Watu walikusanyika, na kabla hatujaligeuza Benjamini akafika na simu mkononi. Akaweka mguu mmoja juu ya mzoga, akampa kijana simu ampige picha.

Nikamwambia atoe mguu. Akanitazama na kicheko chake kile. Nikamshika mkono, nikamshusha hadi kwenye lile paja.

"Tazama," nikamwambia. "Hapa huhitaji darubini."

Alitazama. Harufu ilimpanda, akageuza uso. Akachukua simu yake akaondoka, na kijana hakujua asimame wapi.

Sasa nakuja kwenye lile lenye maneno. Leseni ya Benjamini inatakiwa kuhuishwa mwezi ujao, na mtendaji wa kijiji akaniita nitoe maelezo kwa maandishi, kwa kuwa nilishuhudia. Mama mkwe alituma mtu kwangu mara mbili, akinikumbusha nimeolewa kwao. Wifi zangu walikuja na sufuria ya makande, wakakaa saa nzima wakizungumzia undugu. Nikala makande yao, nikaenda nikaandika ukweli wote: hakuipima darubini, alifyatua kwa kitu asichokiona, alikataa kufuata, alikataa kutoa bunduki. Nikaandika kwamba kwa maoni yangu asipewe. Nikatia saini.

Tangu hapo kwa wakwe sisalimiwi. Hata Sifaeli alinyamaza siku mbili, na nilidhani ameumia kwa ajili ya ndugu yake. Siku ya tatu aliamka na kikohozi chake, akachukua gunia na kamba, akaenda kuvuna mahindi ya Paulo. Nikamfuata. Wakaja majirani wengine, tukawa kumi na mmoja.

Saa tano hivi nikaona mtu ameingia safu ya mwisho, amevaa kofia ya kushuka machoni. Alikuwa Benjamini. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Anavuna vibaya, anaacha mahindi kwenye mabua, na hadi adhuhuri viganja vilikuwa vimechubuka. Jioni alijitwisha gunia la mwisho mwenyewe, akalipeleka hadi mlangoni kwa Paulo, akaingia ndani. Alikaa humo muda mrefu. Walichozungumza sikijui, wala Paulo hajaniambia.

Jana mama mkwe ametuma tena mtu kuniuliza kama sasa nitaifuta ile saini. Nimejibu kwamba Benjamini akitaka kuvuna, mashamba yapo mengi, na kwangu chai ataikuta mezani. Bunduki, hapana.

Nisalimie wenzako kambini, pamoja na huyo mshauri wako. Mama yako Roza anakusalimu na anauliza kama soksi za sufu zimefika. Sifaeli anakusalimu, na Paulo pia. Mungu akutangulie kila asubuhi utokapo, na kila jioni akurudishe na wote uliotoka nao.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na nikuombeaye,

Faustina