Maziwa ya Karuba Ndani ya Laboratware

Papa wangu,

Huko uliko jiandae kucheka, maana nakuja kuungama. Maziwa ya ng'ombe uliotuachia niliyaingiza laboratware ya chuo, huku Goma.

Unakumbuka siku tuliposhusha ng'ombe upande wa Walikale? Sisi wa Karuba tumezoea baridi, na lile joto likamwangusha ng'ombe wako Bihogo njiani. Ulikaa naye, ukamnywesha maji, ukamwimbia mpaka akasimama. Ukasema, "Iko kitu ndani yake inamushikilia." Nikauliza kitu gani. "Weye njo unasoma. Utaniambia."

Basi nakuambia: ni protini. Joto likizidi, chembe za mwili zinaitengeneza kwa wingi, nayo inashikilia protini zingine zisipoteze umbo. Mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza chuo, ilikuwa kuionyesha katika chembe za damu ya ng'ombe, zilizopashwa joto na zisizopashwa. Kwa macho haionekani, kwa hiyo unatumia anticorps, kingamwili inayoikamata hiyo moja tu. Lakini kwanza protini unazibandika juu ya utando mweupe kama karatasi, halafu unaulowesha katika maziwa, yajaze nafasi tupu. La sivyo anticorps inanata kila mahali, na inaponata panatoka peusi.

Profesa aliandika: maziwa ya unga, yasiyo na mafuta. Ya unga! Mimi, mutoto wa Karuba, ninunue maziwa ya kopo? Hapana kabisa. Nikaagiza kwa Mama, bidon, dumu zima la maziwa, ikapita Sake juu ya pikipiki, ikafika na povu lake. Nikamwaga kwa maringo.

Wee! Utando wote ukatoka mweusi tii. Yale mafuta uliyokuwa unajisifia kwa wanunuzi ndiyo yaliyoniponza. Ikabaki anticorps ya jaribio moja tu, na bila matokeo ningerudia mwaka mzima. Profesa akaniangalia. "Dada, hapa hatutengenezake fromage." Yaani jibini! Wenzangu walicheka mpaka machozi, nami nikacheka nao, ingawa roho ilikuwa mkononi.

Nikanunua ya unga, kopo nikalificha ndani ya mkoba kama mwizi.

Leo asubuhi utando umetoka safi. Kwenye chembe zilizopata joto, mstari mnene mweusi. Kwenye zingine, kivuli tu. Profesa akasema, "Njo hiyo. Andika." Nimepita, Papa! Nilifurahi hata nikasahau, nikachukua simu nikapiga numero yako.

Mama ndiye aliyeshika, maana simu yako sasa anaitumia yeye. Nilikuwa nimeshaita, "Papa!" Akaelewa.

"Papa yako hayuko, mama. Niambie miye."

Nikaanza kumweleza, protini, anticorps, hata aibu ya maziwa. Alisikiliza mpaka unités zangu za simu zikaisha. Halafu akanipigia yeye, akasema, "Endelea."

Pumzika vizuri, Papa. Mama nimemwambia.

Binti yako